Safari ya Death Valley mwezi wa saba ipangwe kwa saa, si kwa kilomita

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya safari mliyoichapisha kwa ajili ya familia zinazojiandaa kwenda Marekani katika likizo kubwa, na hasa sehemu inayowashauri wasomaji wenye ndugu Phoenix au Las Vegas watenge siku moja ya kuzunguka kwa gari ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Death Valley. Uchaguzi wa mahali siupingi hata kidogo. Si rahisi kupata penginepo bonde ambamo mtu husimama mita 86 chini ya usawa wa bahari huku mbele yake, ng'ambo ya uwanda wa chumvi, akiuona mlima Telescope Peak wenye mita 3,366. Ninachokipinga ni ratiba. Inamtaka msafiri aondoke Las Vegas baada ya kifungua kinywa, afike Zabriskie Point karibu saa tano asubuhi, atembee juu ya chumvi ya Badwater saa sita mchana, kisha amalizie alasiri kwenye vilima vya mchanga vya Mesquite Flat. Kwa mwezi wa kumi na mbili ni ratiba nzuri. Kwa mwezi wa saba na wa nane ni ya hatari, na kwa kuwa likizo za watoto wetu huangukia katika miezi hiyo hiyo miwili, naomba nafasi katika ukurasa wenu nieleze sababu na nipendekeze ratiba nyingine.

Makala iliwatuliza wasomaji kwa kusema kwamba sisi watu wa Katanga, kusini mwa Kongo, tumezaliwa katika joto na hatutishwi na jua. Kauli hiyo inastahili kupimwa, kwa sababu naona ndiyo iliyozaa ratiba yenyewe. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na joto lake kali, lile la mwezi wa kumi kabla mvua hazijashika, huwa karibu na digrii 32 au 33. Mwezi wa saba hata hilo hatuna. Ni majira ya baridi kavu, ambapo alfajiri kipimo hushuka chini ya digrii 10 na akina mama wanaowahi sokoni hujifunika kitenge juu ya kitenge. Mtu anayepanda ndege pale Luano katika majira hayo anaondoka na mwili uliozoea ubaridi, akatue katika nchi ambayo imekuwa ikichemka tangu mwezi wa tano. Wataalamu wa afya ya kazi husema kwamba mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 za kukaa katika joto ndipo ujifunze kutoa jasho mapema, kwa wingi, na bila kupoteza chumvi nyingi. Mgeni aliyefika juzi hana mafunzo hayo, hata kama alizaliwa Kongo, hata kama alilima mashamba ya mahindi maisha yake yote.

Wapo pia watakaosema kwamba madereva wetu wanaokwenda kuchukua magari katika bandari ya Walvis Bay wamekwisha kulijua jangwa. Wamelijua jangwa, lakini si joto la aina hii. Pwani ya Namibia hupozwa na mkondo wa Benguela unaoleta maji baridi kutoka kusini, na asubuhi nyingi ukungu wa bahari hufunika mchanga, kiasi kwamba dereva huvaa sweta katikati ya jangwa. Huko Death Valley hakuna bahari wala ukungu. Kuna bonde refu na jembamba lililobanwa na kuta za milima pande zote mbili. Milima ya upande wa magharibi, kuanzia Sierra Nevada, huwa imekwisha kuyakamua mawingu yanayotoka Pasifiki kabla hayajafika, na mvua ya mwaka mzima bondeni ni kama milimita 50 hivi. Jua huchoma ardhi isiyo na majani, hewa iliyopata moto hupanda, hugonga milima, hurudi chini, na kila inaposhuka hubanwa na kuzidi kupata moto.

Katika kituo cha Furnace Creek, ndani ya hifadhi, iliandikwa digrii 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Shirika la Hali ya Hewa Duniani bado linaitambua rekodi hiyo, ingawa baadhi ya wataalamu wanaitilia shaka. Mimi sina haja nayo sana, kwa kuwa msafiri hakutani na rekodi bali na siku ya kawaida, na siku ya kawaida ya Julai pale hufikia karibu digrii 47 mchana, kisha usiku hukataa kushuka chini ya digrii 30. Julai 2024 wastani wa mwezi mzima, mchana na usiku vikichanganywa, ulikuwa digrii 42.5. Ardhi yenyewe ina hesabu zake nyingine: tarehe 15 Julai 1972 udongo wa Furnace Creek ulipimwa ukawa na digrii 93.9. Anayeanguka kwa kizunguzungu pale hataungua na jua peke yake, ataungua na kile alichoangukia.

Jambo linalowadanganya wageni zaidi ni ukavu. Hapa kwetu mtu hujua kwamba amepoteza maji kwa sababu shati limelowa. Katika hewa ya Death Valley jasho hukauka kabla halijaonekana, ngozi hubaki kavu, na mtu hudhani kwamba hajatoka jasho kabisa ilhali amekwisha kupoteza lita nzima. Ndiyo maana huko hainywi mtu maji kwa kusubiri kiu. Ofisi ya hifadhi inashauri kila mtu awe na angalau lita 4 za maji kwa siku, na mimi ningeongeza chakula chenye chumvi, karanga kwa mfano, kwa sababu maji matupu yakizidi nayo yana madhara yake. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni ishara za kurudi kwenye gari mara moja. Mtu akianza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, hilo si la kumpumzisha tu, ni la kumpoza kwa maji mwili mzima papo hapo huku msaada ukitafutwa.

Kama maonyo ya mwalimu wa jiografia kama mimi hayatoshi, tuwatazame walioishi huko na waliotafuta mali huko. Wenyeji wa bonde hilo ni watu wa Timbisha Shoshone, ambao hadi leo wana kijiji chao Furnace Creek. Mababu zao hawakushindana na mwezi wa saba. Joto lilipozidi walipanda milimani, wakawinda na kukusanya mbegu za misonobari kule juu, na kurudi bondeni kulipopoa. Baadaye walikuja wachimbaji, na hapa wasomaji wa Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba, wataelewa vizuri kuliko wengi. Kiwanda cha Harmony Borax Works kilianza kazi mwaka 1883, na boraksi yake, yaani madini ya aina ya chumvi, ilivutwa kwa mikokoteni iliyofungwa nyumbu kwa safari ya kilomita zipatazo 265 hadi kwenye reli ya Mojave. Kampuni haikukosa fedha wala vibarua. Hata hivyo katika majira ya joto ilisimamisha uchenjuaji bondeni, kwa sababu maji ndani ya matangi hayakupoa vya kutosha ili boraksi igande, na kazi ikahamishiwa Amargosa, penye mwinuko zaidi. Ikiwa mwenye mali alikubali kupoteza miezi kadhaa ya uzalishaji, sioni kwa nini mtalii ashindwe kupoteza saa chache za mchana.

Basi ratiba ninayoipendekeza inafuata kanuni moja: alfajiri ni ya bondeni, mchana ni wa milimani au wa ndani ya nyumba, na baada ya saa nne asubuhi hakuna anayetoka garini kwenda kutembea katika sehemu za chini. Saa hiyo ya mwisho sikuitunga mimi, ndiyo inayotolewa na hifadhi kwa wageni wa majira ya joto. Mchana joto huendelea kupanda hadi kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo anayedhani kwamba saa tisa jua limeanza kulegea anatoka katika wakati mbaya kuliko wote.

Familia ilale Pahrump, mji wa Nevada ulio karibu na hifadhi, badala ya Las Vegas. Tanki lijazwe mafuta jioni ile ile, maji yawekwe kwenye bidoni na chupa, na safari ianze saa kumi za alfajiri. Najua kwamba kuamsha watoto saa tisa za usiku wakiwa likizoni si jambo la furaha, lakini wataendelea kulala garini. Jua la mwezi wa saba huchomoza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili, na wakati huo gari linapaswa kuwa limekwisha kuegeshwa Zabriskie Point. Njia ya kupanda hadi kwenye ukingo ni fupi na ina lami, hata bibi ataimudu taratibu. Mbele yake kuna mikunjo ya udongo wa manjano na kahawia, masalio ya tope la ziwa lililokauka mamilioni ya miaka iliyopita. Mwanga wa kwanza hugusa vilele vya milima ya Panamint ng'ambo ya bonde, kisha hushuka polepole hadi kwenye mikunjo hiyo. Hapa sihitaji kumhimiza mtu apige picha, atapiga tu.

Kutoka Zabriskie gari literemke hadi karibu na Furnace Creek na kugeuka kusini kwenye barabara ya Badwater. Hapa ndipo ratiba ya alfajiri inapolipa zaidi ya ile ya mchana. Upande wa mashariki wa Badwater kuna ukuta wa milima ya Black Mountains ulioinuka wima karibu na maegesho, na kwa sababu hiyo kivuli cha mlima huendelea kufunika ukingo wa uwanda kwa muda mzuri baada ya jua kuchomoza mahali pengine. Msafiri anaweza kutembea juu ya chumvi akiwa kivulini, akageuka nyuma na kutafuta kibao kidogo kilichobandikwa juu kabisa kwenye jabali kuonyesha usawa wa bahari ulipo. Watoto wote hukitafuta kibao hicho, na wakikiona hunyamaza kidogo wakifikiria maji yote ambayo yangekuwa juu ya vichwa vyao. Nusu saa ya kwenda na kurudi inatosha. Anayetaka kufika katikati ya uwanda akafanye hivyo mwezi wa kwanza.

Katika kurudi kaskazini ndipo inapoingiliwa barabara ya Artists Drive, yenye kilomita kama 14 na inayokwenda upande mmoja tu, kutoka kusini kuelekea kaskazini, kwa hiyo anayetoka Badwater hapotezi hata mita moja. Hairuhusu magari yenye urefu unaozidi mita 7.6, jambo ambalo familia zinazokodi basi dogo refu ili ukoo wote ukae pamoja zinapaswa kulipima kabla ya kusaini mkataba. Inapinda na kushuka ghafla katika makorongo madogo, na katikati yake kuna Artists Palette, mlima uliopakwa rangi nyekundu, waridi, manjano, zambarau na kijani. Mtu wa Katanga akiona kijani kwenye jiwe huwaza malakiti, yale madini ya kijani yenye shaba, papo hapo, na nina hakika kuna mjomba atakayeanza kuhesabu tani. Asijisumbue. Wekundu na manjano hutokana na misombo ya chuma, zambarau hutokana na manganizi, na kijani kile ni cha mika iliyooza ndani ya majivu ya volkano. Shaba haihusiki.

Nikiri hapa kwamba mtunzi wa makala yenu alikuwa na hoja moja ya haki. Artists Palette inatazama magharibi, hivyo asubuhi rangi zake huwa hafifu na jioni huwaka. Anayezitaka rangi katika ubora wake anaweza kurudi muda mfupi kabla ya jua kuzama, ambapo mwezi wa saba ni karibu saa mbili za usiku, lakini abaki ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa, na ashuke kwa dakika za picha tu. Joto la saa hiyo bado ni la digrii arobaini na kitu. Binafsi ningeridhika na rangi hafifu za asubuhi.

Kufikia saa tatu na nusu familia iwe imekwisha kurudi kwenye barabara kuu namba 190 ikielekea mashariki, na badala ya kutoka hifadhini ipande Dante's View. Ni ukingo wa mlima wenye mita 1,669, uliosimama juu ya Badwater yenyewe, na kwa kawaida joto lake huwa pungufu ya lile la bondeni kwa digrii 10 au zaidi. Ndipo mahali pa kufungua chakula cha asubuhi kwa utulivu. Kutoka hapo uwanda wote wa chumvi unaonekana chini, na maegesho ambako mlikuwa alfajiri hayaonekani isipokuwa kwa macho makali. Kabla ya adhuhuri gari linarudi Pahrump, watu wanaoga, wanalala. Siku imeisha bila mtu kukanyaga bonde katika saa zake mbaya, na hakuna kitu kikubwa kilichoachwa isipokuwa vilima vya mchanga.

Kuhusu vilima hivyo vya Mesquite Flat, vilivyo upande wa Stovepipe Wells, naomba viondolewe kabisa katika ratiba ya alasiri. Julai 2024 mtalii mmoja Mbelgiji alipoteza ndala zake kwenye mchanga huo, joto la hewa likiwa karibu digrii 51, na nyayo zake ziliungua vibaya sana. Watu walimbeba hadi maegesho. Helikopta ya wagonjwa haikuweza kutua kwa sababu hewa yenye moto mkali ni nyepesi na haibebi mabawa yake vizuri, hivyo ilibidi kwanza apelekwe kwa gari hadi mahali pa juu zaidi. Mwanzoni mwa mwezi huo huo, tarehe 6, mwendesha pikipiki mmoja alikufa karibu na Badwater siku iliyofika digrii 53.3, na wakati huo pia helikopta hazikuweza kuruka. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba Marekani msaada huja kwa dakika chache ayatafakari hayo: kadiri joto linavyozidi na wagonjwa kuongezeka, ndivyo msaada unavyozidi kuwa mbali. Simu nazo hazipati mtandao katika sehemu kubwa ya hifadhi.

Sasa niseme kuhusu gari, maana ndilo nyumba ya msafiri kwa siku nzima. Wengi wa ndugu zetu watawakaribisha wageni kwa gari lao wenyewe, na mara nyingi ni gari lenye umri wake. Mjomba asione haya kulipeleka kwa fundi wiki moja kabla. Maji ya rejeta na mipira yake, mkanda wa feni, betri, na matairi yote matano, likiwemo la akiba, vikaguliwe. Upepo wa tairi upimwe alfajiri likiwa halijatembea, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu hujikunja, hupata moto na kupasuka. Katika kupanda Dante's View, ambako mwisho wa barabara una mwinuko mkali, kiyoyozi kizimwe mara sindano ya joto inapoanza kupanda. Ikiendelea kupanda, gari lisimamishwe mahali salama, kipasha joto cha ndani kifunguliwe hadi mwisho ili kivute moto kutoka kwenye injini, na kifuniko cha rejeta kisiguswe hadi injini ipoe. Katika kuteremka itumike gia ndogo, breki zipumzike. Kufungua madirisha ili kupata upepo, kama tunavyofanya katika njia ya Likasi, hakufai huko: upepo ulio na moto kuliko mwili haupozi, unakausha tu.

Gari likikwama, watu wabaki nalo. Linaonekana kutoka mbali, lina kivuli, na ndipo maji yalipo. Familia moja ya Wajerumani, watu wanne wakiwemo watoto wawili, ilipotea katika hifadhi hiyo Julai 1996 baada ya kuingiza gari dogo la familia katika njia mbovu za upande wa kusini. Gari lilipatikana miezi kadhaa baadaye, na mabaki ya watu wazima yalipatikana mwaka 2009, kilomita nyingi kutoka hapo. Siku hizi ramani ya simu inaweza kumwelekeza mgeni katika njia za kale za wachimbaji zisizopita gari la kawaida, kwa hiyo ramani ya karatasi ichukuliwe katika kituo cha wageni, na safari ya siku moja ibaki kwenye lami. Wala joto lisitusahaulishe barabara yenyewe. Hifadhi inaeleza kwamba ajali za gari moja, lile linaloacha barabara bila kugongana na jingine, ndizo zinazoua watu wengi zaidi huko. Wanaendesha upande wa kulia kama sisi, lakini vibao vya mwendo vimeandikwa kwa maili, na 55 yao ni kama kilomita 88 kwa saa.

Mtoto asiachwe ndani ya gari lililozimwa hata kwa muda wa kumsalimia mtu. Katika dakika 10 tu joto la ndani laweza kupanda kwa digrii 11 juu ya lile la nje, na mwili wa mtoto hupata moto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Wazee wanaotumia dawa za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo, wamuulize daktari wao kabla ya kusafiri.

Kuna mambo mawili madogo ambayo makala haikuyagusa. Kwanza, miezi ya saba hadi ya tisa ndiyo yenye ngurumo na mvua za ghafla, na ardhi ile haijui kunywa maji. Tarehe 5 Agosti 2022 Furnace Creek ilipata milimita 37 ndani ya saa chache, barabara zikafunikwa na vifusi na watu wapatao 1,000 wakakwama ndani ya hifadhi. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Agosti, mabaki ya kimbunga Hilary yalileta milimita zaidi ya 55 kwa siku moja, na hifadhi ilifungwa kwa takriban miezi miwili. Hali ya barabara iangaliwe usiku wa kuamkia safari. Pili, tangu Juni 2023 hifadhi iliacha kupokea noti kwa ada ya kuingia, na sisi ambao husafiri na dola zetu mfukoni tunaweza kujikuta na fedha zisizolipa. Mwenyeji alipe kwa kadi yake, mrudishiane baadaye.

Naomba basi, Bwana Mhariri, mchapishe ratiba iliyogeuzwa kabla shule hazijafungwa, na muwashauri wageni wakae Phoenix walau wiki moja kabla ya safari, wakitembea nje kila asubuhi mapema, kwa kuwa Phoenix nayo hufika digrii 41 au 42 mwezi huo na mwili utaanza kujifunza huko. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo zenye digrii 43 au zaidi. Ndugu zetu walioko huko hawahitaji kufundishwa na mtu wa Lubumbashi saa za kutoka na za kujifungia, bali wanahitaji wageni wanaowasikiliza.

Na kwa familia isiyoweza kabisa kuamka usiku, ipo njia nyingine ambayo haihitaji bonde. Upande wa magharibi wa hifadhi, kwenye korongo la Wildrose, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kuna matanuri kumi ya mawe yaliyojengwa mwaka 1877 kwa ajili ya kuchoma makaa ya kuyeyushia madini ya fedha na risasi. Yamepangwa mstari mmoja kama mizinga mikubwa ya nyuki, yana urefu wa zaidi ya mita 7, na mtu anaweza kuingia ndani. Katika mji unaopikia makaa kila siku, nadhani watoto watakuwa na maswali mengi pale kuliko Badwater. Kuna misonobari na kivuli, na mchana wa mwezi wa saba unavumilika. Sehemu ya mwisho ya barabara haina lami, kwa hiyo anayekodi gari asome kwanza mkataba wake kama unamruhusu kupita.

Wenu,
Mwalimu wa jiografia,
Kamalondo, Lubumbashi